Maswali ya Wasomaji: Matapishi Koridoni, na Zamu ni Yangu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mpangaji katika nyumba ya vyumba sita huku Chikongola, Mtwara, yenye korido moja inayotoka mlango wa mbele hadi mlango wa uani, kiliko choo. Tangu msimu wa korosho uanze na mabibo yawe mengi, jirani yetu mmoja hurudi usiku akiwa amelewa uraka, na mara tatu sasa nimeamka alfajiri nikakuta matapishi na mkojo chini ya mlango wa uani, tena katika wiki ya zamu yangu ya kufagia. Mara ya mwisho nilimwaga dawa ya klorini juu yake bila hata kuichanganya na maji, nikakohoa mpaka nikakimbilia nje, macho yakiniwasha. Nimesugua sana, lakini mvua ikinyesha harufu inarudi. Mkewe ni mtu wangu wa karibu, ana mtoto mchanga, nami naona haya kusema. Je, niende moja kwa moja kwa baba mwenye nyumba?
Mpangaji, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na hicho kikohozi, kwa sababu kingeweza kukuletea madhara makubwa kuliko matapishi yenyewe. Mkojo uliolala hutoa amonia, na amonia ikikutana na klorini huzaa hewa inayochoma koo, macho na mapafu. Kadiri dawa inavyokuwa kali na korido inavyokuwa finyu, ndivyo hewa hiyo inavyozidi. Hatari kama hiyo hutokea pia mtu anapochanganya klorini na siki au na dawa ya choo yenye asidi. Kwa hiyo mkojo usimwagiwe klorini kabisa kabla haujaoshwa ukaisha, na milango yote miwili iwe wazi.

Ukikuta matapishi, usiyafagie kwa fagio la chelewa, maana utayatawanya hadi kwenye vizingiti vya watu. Yafunike kwa mchanga mkavu, subiri unyonye, kisha uyazoe kwa kipande cha bati au kopo la zamani na kuyatupa chooni, mikono ikiwa na glavu. Osha kwa maji mengi na sabuni, suuza, ndipo utumie klorini: soma kwanza lebo, na kama imeandikwa asilimia 3.5, kikombe kimoja cha dawa kinachanganywa na vikombe sita vya maji. Iache sakafuni dakika kumi, halafu suuza tena. Hivyo ndivyo ilivyo hata kama aliyetapika hakuwa mlevi. Na ikiwa mtu ndani ya nyumba anatapika na kuharisha mfululizo, acha kudeki kwanza, mpelekeni zahanati, kwa kuwa kipindupindu hakingoji.

Harufu inayorudi na mvua inatokana na sakafu yenyewe. Nadhani sehemu hiyo haina niru, au niru yake imekwisha, na saruji iliyo wazi hufyonza mkojo. Chumvi zake hukauka ndani, halafu unyevu unapoingia zinaamka tena. Klorini haifiki huko. Ukishaosha kwa sabuni na kusuuza vizuri, mwagia siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, isikae zaidi ya dakika kumi kwa kuwa siki hula saruji, kisha suuza na uache pakauke. Huenda ukarudia mara mbili. Ila siku hiyo klorini usiiguse. Ufumbuzi wa kudumu ni fundi apige niru upya, na hilo ndilo jambo la kumpelekea baba mwenye nyumba bila kumshitaki mtu yeyote.

Sasa nije kwa jirani. Barua yako imeniambia jambo ambalo nafikiri hukulitilia maanani: mara zote tatu uchafu ulikuwa chini ya mlango wa uani. Mtu aliyekusudia kuwakera angechafua popote, lakini huyu alikuwa anaelekea chooni akakwama mlangoni. Je, hapo pana taa? Komeo lake linafunguka kwa urahisi, au ni lile la kuvutwa kwa mikono miwili? Simtetei, kwa kuwa uraka haukunywewa na komeo, lakini balbu moja na komeo jepesi vinaweza kukupunguzia asubuhi nyingi za namna hiyo.

Mkewe usimwambie kama malalamiko; ana mtoto mchanga, na ataishia kudeki yeye. Mtafute mpangaji wa siku nyingi, mwanamume anayeheshimika hapo nyumbani, azungumze na mwenzake mchana, akiwa hajalewa, pembeni. Kisha wapangaji wote mkae uani mkubaliane kwamba zamu ni ya vumbi na mchanga, na aliyechafua kwa mwili wake anasafisha mwenyewe, hata kama ni saa nane za usiku. Mimi nilishangaa kwamba ulisafisha mara tatu na hakuna aliyejua. Ukinyamaza, yeye anaamka akikuta sakafu safi na haoni tatizo.

Akipuuza hayo, nenda kwa mwenye nyumba, halafu kwa mwenyekiti wa mtaa au afisa afya wa kata, maana Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inagusa kero za namna hii. Ila usianzie huko.

SWALI: Jirani yangu anauza pweza, na kila jioni ndoo yake hudondosha maji koridoni. Shombo hiyo naitoaje?
Msomaji, Lindi

JIBU: Osha saa hiyo hiyo kwa maji baridi, kwani ya moto hugandisha uchafu huo sakafuni. Fuatisha sabuni, suuza, kisha maji ya ndimu, kwa sababu kinachonuka kina asili ya alkali na asidi huizima. Yeye naye mwombe ndoo yenye mfuniko, iwekwe ndani ya beseni. Biashara yake haitapungua kwa hilo.