Re: Nimemsamehe kaka kwa mdomo, moyoni bado

Pole sana dada. Kaka kauza kiwanja cha marehemu baba huko Mbagala bila kuwashirikisha, umeshamwambia yameisha ila ukimuona tu roho inachafuka, wala sio unafiki huo. Mathayo 18:22 inasema samehe saba mara sabini, mi naielewa hivi, hasira inarudi na wewe unaachilia tena, ndo kazi yenyewe. Aliyeniudhi mimi nilikuwa namtaja kwenye maombi kila usiku hata kama sijisikii, mwanzoni nasaga meno kabisa, baadae ikalegea. Ila kusamehe sio kuachia haki, mambo ya mirathi peleka mahakamani na hati usimpe tena akutunzie. Kama hulali wala huli, nenda hospitali ya Muhimbili uulize idara ya afya ya akili.