Ukienda Sauzi kwa basi, pasi yako uishike mwenyewe

Wanaoniuliza kuhusu safari ya Sauzi kwa basi huanza na nauli. Nauli utaambiwa stendi. Kinachowaponza watu ni muhuri. Mtanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90, na kwa kuwa ameingia kirahisi, anasahau kuhesabu.

Njia ya wengi ni Tunduma, Lusaka, Chirundu, Harare, halafu Beitbridge, mpaka wa Zimbabwe na Afrika Kusini. Chirundu haina shida. Tangu 2009 Zambia na Zimbabwe wanahudumia abiria kwenye jengo moja: huku unagongewa kutoka, huku kuingia. Kazi iko Beitbridge. Foleni ya pale imejaa watu wa ukanda mzima: Wazimbabwe na mabegi yao ya mistari, Wamalawi waliopitia Tete ya Msumbiji, Wazambia na mizigo ya biashara. Si jambo jipya. Wamalawi walichukuliwa kwenye migodi ya Sauzi na Wenela, shirika la wenye migodi, mpaka ndege iliyobeba wachimbaji ilipoanguka Francistown, Botswana, mwaka 1974 na Rais Banda wa Malawi akasimamisha. Hata kwetu Rungwe wapo wazee waliokwenda kabla ya uhuru. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na mkataba. Kijana wa leo ana siku zake za matembezi tu, na zikiisha bado anataka kazi.

Hapo ndipo dereva anapoingia. Johannesburg nilipanga nyumba moja na vijana wa Mangochi, Malawi. Siku zao zikikaribia kuisha, dereva alipita jioni, akakusanya pasi, akazifunga kwa mpira na kuondoka nazo mpakani. Zilirudi zikiwa na muhuri wa kutoka na wa kuingia, na wenyewe hawajavuka hata mtaa wa pili. Mmoja alifiwa na mama yake, akakata tiketi ya ndege. Ofisa wa uwanjani akaangalia pasi, akaangalia kompyuta: mihuri ipo, safari hazipo. Walimwachia akazike. Kurudi ndiko kukawa haiwezekani.

Kanuni yenyewe iko hivi. Ukizidisha siku lakini hazizidi 30, unazuiwa kuingia tena kwa miezi 12. Ukipitisha 30, ni miaka 5. Unapewa karatasi ya zuio hilo wakati wa kutoka, na wengi wanaitupa kwa hasira kabla hata basi halijaondoka. Itunze. Kama ulichelewa kwa sababu ya maana, tuseme ulikuwa umelazwa, una siku 10 za kazi kuandika rufaa, na cheti cha hospitali kiambatane na karatasi hiyo.

Kwa hiyo konda akitangaza, "Leteni pasi zote niwasaidie," shuka na yako mkononi. Simama dirishani mwenyewe. Kabla hujaondoka, soma tarehe ya mwisho uliyopewa, maana mihuri inagongwa kwa haraka. Ukiona siku chache kuliko ulizotarajia, uliza palepale, si ukiwa umeshafika Musina, mji wa Sauzi baada ya mpaka. Tarehe hiyo iandike kwenye simu, weka na kengele. Na usijidanganye: muhuri wa matembezi hauruhusu kuajiriwa, hata kama bosi mwenyewe anakwambia hakuna tatizo.

Yule atakayekwambia kuvukia mtoni ni rahisi zaidi, achana naye. Limpopo, mto wa mpaka huo, una mamba, na vichakani kuna magumaguma, majambazi wanaongojea wavukaji. Wanachukua fedha, simu, na kwa wanawake mara nyingi zaidi ya hapo.

Kuhusu miezi: katikati ya Desemba mabasi yanaelekea kaskazini, watu wanakwenda kula Krismasi makwao. Mwanzoni mwa Januari mkondo unageuka. Ukiweza, safiri kinyume chao. Ukilazimika kwenda nao, beba maji, chakula kisichoharibika na randi chache za noti ndogo mfukoni. Nyingine zikae mbali na pochi unayoifungua mbele za watu.