Tigers wa Detroit 2024: ile asilimia 0.2

Mkuu uliyeuliza mtu anapata faida gani kuendelea kufuatilia timu ya besiboli ambayo kufika Agosti imeshakufa, ngoja nikujibu kwa kirefu. Naishi Michigan, nafanya shifti ya jioni kwenye ghala moja nje kidogo ya Detroit, na timu yangu ni Tigers. Msimu wa 2024 nilikuwa nao mwanzo mwisho.

Hali ilikuwa hivi. Tigers hawakuwa wameingia kwenye mtoano tangu 2014. Mwisho wa Julai, dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa, uongozi ukauza. Jack Flaherty, mrushaji (yule anayewatupia wapigaji mpira) mzuri kuliko wote ukimtoa Tarik Skubal, akapelekwa Dodgers wa Los Angeles. Mark Canha, Carson Kelly na Andrew Chafin nao wakaondoka. Timu ikishauza hivyo, ujue wakubwa wamenyoosha mikono. Tarehe 10 Agosti walikuwa wameshinda 55 na kupoteza 63, wako mechi 10 nyuma ya nafasi ya mwisho ya kufuzu. Wataalamu wa takwimu waliwapa uwezekano wa asilimia 0.2 wa kufuzu mtoano. Soma vizuri, sio mbili. Pale kazini redio ilikuwa inawashwa ili sauti ya mtangazaji Dan Dickerson itufukuzie usingizi tu, hakuna aliyekuwa anauliza matokeo.

Mechi 44 zilizobaki, wakashinda 31.

Wapo wanaoita muujiza. Mimi nasema kocha A.J. Hinch aliishiwa warushaji, na kwenye kuishiwa huko ndiko akapata ujanja. Kwa kawaida timu inakuwa na warushaji watano wanaopokezana kuanza mechi, kila mmoja na siku yake. Flaherty ameuzwa, wengine majeruhi, akabaki na Skubal na kijana Keider Montero. Siku zilizobaki akawa anaunga unga: huyu awamu moja, yule mbili, mwingine tatu, mpaka zinatimia awamu tisa za mechi. Unaweza kuona warushaji sita kwa siku moja.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Mpigaji wa mkono wa kulia kwa kawaida anapata shida na mrushaji wa kulia, na anamwona vizuri zaidi wa kushoto. Kocha mpinzani anapanga kikosi kabla ya mechi kwa kumwangalia atakayeanza. Hinch anaanza na Tyler Holton, wa kushoto. Mpinzani anajaza wapigaji wa kulia. Holton anarusha kidogo, anatoka, anaingia Beau Brieske, wa kulia. Sasa wewe kocha wa upande wa pili ufanyeje? Ukibadilisha wachezaji, sheria ya besiboli ni kwamba aliyetoka harudi tena mechi hiyo, na bado hujui Hinch ataleta nani baadaye. Usipobadilisha, unaumia. Nimeona makocha wenye timu za gharama kubwa wanabaki kukuna kichwa tu.

Skubal yeye alikuwa habari nyingine. Ushindi 18, wastani wa alama 2.39 alizoruhusu kwa kila awamu tisa, wapigaji 228 aliowatoa kwa straiki tatu, yaani mipira mizuri mitatu waliyoshindwa kuipiga. Kote huko aliongoza ligi yake na akachukua tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa ligi. Siku yake ilikuwa siku ya kupumzisha wale wengine wote.

Upande wa kupiga walikuwa watoto. Trey Sweeney, aliyekuja kwenye ule ule mpango wa kumuuza Flaherty, alicheza mechi yake ya kwanza ligi kuu katikati ya Agosti na hakutoka tena. Parker Meadows mapema msimu huo alishushwa ligi ndogo kwa kushindwa kupiga. Tarehe 5 Septemba, San Diego, awamu ya tisa, Tigers wako nyuma 3-0, wawili wameshatolewa (wa tatu akitolewa, mechi imeisha), besi zote tatu zina wakimbiaji wetu, na Meadows amebakiza straiki moja atolewe. Akaupiga mpira mpaka jukwaani, yeye na wale watatu wote wakapata alama. Nne kwa tatu. Kuna mzee pale kazini, shabiki wa miaka mingi, aliyekuwa ameapa tangu Julai kwamba mwaka huo hasikilizi tena. Kesho yake alikuja na kofia ya Tigers imepauka kabisa, akaivaa mpaka msimu ulipoisha.

Tuseme kweli, tulisaidiwa pia. Minnesota waliokuwa mbele yetu waliporomoka vibaya. Na mechi ya kufuzu, Ijumaa ya tarehe 27 Septemba pale Comerica Park, tulimfunga Chicago White Sox, ambaye usiku huo alipoteza mechi ya 121, nyingi kuliko timu yoyote ya zama hizi. Kuna waliotucheka kwa hilo. Wacheke tu: siku mbili zilizofuata White Sox huyo huyo alitufunga zote, kwa hiyo besiboli haina mteremko.

Mtoano ukaanza Houston, kwa Astros ambao Hinch aliwahi kuwafundisha na kuwapa ubingwa wa 2017. Mechi mbili, wametoka. Cleveland ndipo tulipoishia. Mechi ya pili Kerry Carpenter wetu aliupiga jukwaani mpira wa Emmanuel Clase, mrushaji wa Cleveland, tukapata alama tatu awamu ya tisa, Clase ambaye msimu mzima alikuwa amehesabiwa alama tano tu. Lakini mechi ya tano Lane Thomas wa Cleveland akamfanyia Skubal vile vile Meadows alivyofanya San Diego: besi zimejaa, jukwaani, ikaisha 7-3.

Sasa umeuliza faida. Mwaka uliofuata, 2025, Tigers tuliongoza kundi letu, na Cleveland wakati fulani Julai walikuwa mechi 15 na nusu nyuma yetu. Septemba wakatupita. Nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu kitu hicho kinavyotokea, kwa hiyo nilipoona zile mechi tulizowaacha nazo zinapungua moja moja, mimi na yule mzee tuliacha kubishana na wenzetu waliokuwa wanasema tumeshamaliza kazi.