Kabla hujamwita fundi wa pagola

Wengi wakitamani pagola uani, yaani kivuli cha nguzo na mbao za juu zilizoachiana nafasi, humwonyesha fundi picha kwenye simu na kumuuliza, "Hii shilingi ngapi?" Fundi anataja bei moja ya jumla, na hapo huna tena cha kujadili. Ya kwangu, hapa Dar, niliipangia bajeti kuanzia duka la mbao.

Mbao nyingi za paini kutoka Mafinga huuzwa zikiwa na urefu wa futi 12. Pagola ya futi 10 kwa 10 inatoka humo bila kiungo, na kila upande unabaki na futi moja ya kutokeza. Ukitaka futi 14, pale ambapo mbao moja ingetosha utanunua mbili, uziunge kwa bolti, na pengine uongeze nguzo katikati. Fundi wangu alipendekeza 13. Nilikataa, maana vipande vingeishia kuwa kuni.

Nunua mbao za dawa hata kama bei inauma. Mchwa wa huku hawana huruma. Angalia kichwa cha mbao: ukijani uwe umeingia ndani, usiwe umepakwa juu juu tu. Fundi akikata, pale penye mkato hapana kinga tena, kwa hiyo weka kwenye hesabu kopo la dawa ya kupaka. Oili chafu ni rahisi zaidi, ila gauni la mgeni likiigusa, mtajuana wenyewe.

Kwenye msingi usibane pesa. Mashimo manne ya sentimita 30 kwa 30, kina 60, hayamalizi mifuko 2 ya saruji ya kilo 50. Nguzo isifukiwe, ikae juu ya chuma kilichozamishwa kwenye zege. Fundi wa kuchomelea hicho chuma na kirikuu ya kubebea mbao ndio husahaulika kila mara.

Vifaa nunua mwenyewe. Ufundi lipa kwa hatua: nguzo zikisimama, mbao za juu zikifungwa, rangi ikikauka. Fundi anayetaka zote mkononi siku ya kwanza, mshukuru umtafute mwingine.

Swali la mvua limalizeni nyumbani mapema. Mimi nimepanda mpesheni, kivuli kinanitosha. Mkitaka bati la plastiki, mbao za juu lazima zilale upande mmoja, mfereji uwepo, na bolti ziwe za kuhimili upepo. Hiyo ni bajeti nyingine, na fundi aambiwe kabla hajachimba.