Kushusha tanga la mbele bila kwenda omoni: nilivyofanya mimi Matema

Mkuu, nimekusoma. Una boti ya faiba ya futi 16 yenye matanga mawili (ya upepo, siyo ya msiba), unataka kuitumia Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na hofu yako ni kutambaa hadi omoni (mbele kabisa ya boti) kushusha tanga la mbele upepo ukichafuka. Umeuliza kama ununue ile ngoma ya kuviringishia tanga. Mimi nina boti kama hiyo, huu mwaka wa sita. Usinunue kwanza. Tafuta kamba ya mita 10 na makapi mawili (puli ndogo za kupitishia kamba).

Niseme maneno kabla hatujapotezana. Mimi ni mtu wa Rungwe, kwetu migombani kamba zote ni kamba. Nilifundishwa na mabaharia wa Bagamoyo nilipokuwa kibaruani huko: henza ndiyo inayopandisha tanga, demani ndiyo inayovuta kona yake ya nyuma.

Sasa kilichonifundisha. Mwezi wa saba, tunarudi kutoka Ikombe mimi na mpwa wangu, tumebeba vyungu vinne vya Wakisi, wafinyanzi wa huko, alivyoagiza mama. Asubuhi ziwa lilikuwa kama mafuta kwenye sahani. Saa saba mchana mwera ukaamka. Unaujua mwera: unatoka kusini, umekimbia ziwa zima, zaidi ya kilomita 500, halafu sisi wa kaskazini ndio tunapokea mawimbi yote. Upande wa kulia wako milima ya Livingstone imeshuka majini moja kwa moja, huna pa kukimbilia. Tunaenda na upepo mgongoni, mbele yetu mchanga wa Matema na mawimbi yanavunjika, na matanga yote mawili yamejaa.

Nikampa mpwa usukani nikaenda mbele kwa magoti. Henza ilikuwa imefungwa kwenye mlingoti. Kuifungua tu, dogo akakata kona bila kujua, boti ikageuka kuukabili upepo, tanga likaanza kupigapiga na fundo la demani likanipata sikioni. Nilisikia mlio hadi jioni. Tanga likashuka nusu, likakwama, nusu nyingine ikaingia majini na kuwa kama ndoo tunayoiburuta. Tulifika tukiwa ubavu, na chungu kilichofika kizima kilikuwa kimoja. Mama alinyamaza, na kunyamaza kwake unakujua kama una mama.

Wiki iliyofuata nilifanya hivi.

Henza kwanza. Nilifunga kapi chini ya mlingoti, nikaipitisha henza hapo na kuileta nyuma, ikaishia kwenye kifungio ninachokifikia nikiwa nimekaa na usukani mkononi. Mwisho wake piga fundo lenye umbo la namba nane, la sivyo siku utakapoiachia ghafla itapanda hadi juu ya mlingoti, na hapo utaulaza mlingoti wote ili kuifuata.

Kisha kamba ya kushushia. Ni nyembamba, milimita 4 au 5, kubwa zaidi ni uzito wa bure. Unaifunga kwenye tundu la juu kabisa la tanga, pale pale henza inaposhika. Inateremka sambamba na waya wa mbele (ule unaoshika mlingoti kutoka omoni), unaipitisha ndani ya vishikizo viwili au vitatu vinavyoshika tanga kwenye waya ili isipeperuke. Usiipitishe kwenye vyote, itasuguana na kugoma. Chini, kwenye kona ya mbele ya tanga, inapita kwenye kapi dogo, inageuka na kurudi nyuma kando ya boti hadi kwako. Urefu wake ni kimo cha tanga, jumlisha umbali wa kutoka omoni hadi unapokaa, jumlisha mita moja na nusu ya kushika. Kwangu ilitoka 10 kasoro kidogo. Kamba niliinunua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, makapi nilimwomba jamaa anitumie kutoka Dar kwa basi.

Wengi wanaweka kamba hii halafu wanalalamika haifanyi kazi, kwa sababu wanaachia henza yote kwa mkupuo. Fanya hivi: elekeza boti upepo uwe karibu mgongoni, tanga kubwa litaliziba la mbele na lile la mbele litalegea lenyewe. Kaza demani ya upande lilipo tanga, ili likishuka lidondokee ndani ya boti na siyo ziwani. Halafu henza mkono mmoja, ukiilegeza huku bado imezungushwa mara moja kwenye kifungio chake, na mkono wa pili unavuta ya kushushia. Usukani uubane kwa goti. Likishafika chini, funga ile kamba ikiwa imekaza, na tanga litabaki limebanwa hapo omoni hata upepo ufanyeje. Ukija kulipandisha tena, kumbuka kuifungua. Mimi nimesahau mara nyingi, unavuta henza mpaka unatukana kumbe umejifunga mwenyewe.

Kuhusu ngoma. Rafiki yangu anayo, na siwezi kusema ni mbaya: unavuta kamba moja, tanga linajiviringisha kama mkeka. Lakini kwenye boti ndogo kama zetu tanga linajiviringisha kwenye waya wake lenyewe, kwa hiyo ni lote au hakuna. Ukitaka kulipunguza nusu, sehemu ya juu inachelewa kuzunguka na umbo linaharibika. Zile za kupunguza tanga zina bomba la aluminiamu kwenye waya wa mbele, hizo kwa kawaida ni za boti kubwa na bei yake si mchezo. Tena tanga lililoviringishwa linabaki juani mchana kutwa, jua linakula kitambaa, labda ushonee ukanda wa kulikinga pembeni. Langu nalitia kwenye mfuko naondoka nalo. Ukiiweka hata hivyo, unapofungua tanga shikilia kidogo kamba ya ngoma isilegee, ikilegea inajizonga ndani na hutaweza kukunja siku unapohitaji zaidi. Afadhali kwetu maji hayana chumvi, wa Pwani wanahangaika na kutu.

Jambo dogo la mwisho: vifungio vya demani. Kama vyako viko mbali na mkono wako, visogeze. Mimi demani inayofanya kazi naivusha ije upande unaotoka upepo, nilipokaa, naivuta au kuilegeza bila kuinuka.

Fanya mazoezi boti ikiwa mchangani, omo imeelekea upepo, mara kumi, mwite na kijana atakayekuwa anakusaidia. Halafu niambie henza yako inapita ndani ya mlingoti au nje, na pale chini ya waya wa mbele kuna tundu la kufungia kapi au ni bamba tupu. Kama ni bamba tupu itabidi utoboe, na hilo nitakueleza ukinitumia picha.

Ndaga fijo (asante sana).