Nimeokoka au nimeokolewa?

SWALI: Ninafundisha darasa la ubatizo kanisani kwetu. Juzi kijana mmoja alisimama kutoa ushuhuda akasema, "Bwana asifiwe, mimi nimeokoka." Mwenzake akamkatiza: aseme "nimeokolewa", kwa sababu "nimeokoka" ni kudai kwamba alijiokoa mwenyewe, na wokovu ni neema. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Huyo aliyekatiza anailinda neema, na ninampenda kwa hilo. Lakini kisarufi amemwonea mwenzake.

Kujiokoa kuna umbo lake, nalo ni "nimejiokoa". "Okoka" ni kauli ya kutendeka, ndugu ya vunjika na funguka. Ukisema kikombe kimevunjika, hujasema kimejivunja. Umeeleza kilichokipata, ukamwacha mvunjaji bila kutajwa. Mtumbwi ukizama, tunasema watu watatu wameokoka, hata kama ni wavuvi waliowavuta majini. Tukitaka wavuvi wapate sifa yao, ndipo tunasema waliokolewa na wavuvi.

Hapo ndipo tofauti ya kweli ilipo. "Okolewa" humkaribisha mtenda: "nimeokolewa na Yesu". "Okoka" haimpokei. Mtu akisema "nimeokoka na Yesu", Kiswahili kinasikia kwamba yeye na Yesu wameokoka pamoja, na hilo hakuna Mkristo anayelikusudia. Wanafunzi wako uwaonye hapo zaidi kuliko kwingine.

Biblia ya Kiswahili, tafsiri ya Union, inatumia maumbo yote mawili. Waefeso 2:8: "mmeokolewa kwa neema." Marko 16:16: "Aaminiye na kubatizwa ataokoka." Katika Kigiriki, vitenzi vyote viwili vya kuokoa vimo katika kauli ya kutendwa, kama "okolewa". Kwa hiyo wafasiri walipoandika "ataokoka" hawakumpa mwanadamu kazi ya Mungu. Na tazama mstari huo wa Marko ulivyopangwa: kubatizwa, kisha ataokoka. Hatusemi "nimebatizika", maana ubatizo una mkono wa mtu uliokushika na maji yaliyokugusa; mtenda yupo mbele ya macho ya kanisa zima.

Hata hivyo, mkosoaji wetu ana tone la haki. Vipo vitenzi vya umbo hili ambavyo mtu huvitenda mwenyewe: amka, inuka, ondoka, geuka. Mhubiri wa mkutano wa hadhara akipaza sauti "Okoka leo!", "okoka" inaingia katika kundi hilo, inakuwa jambo la kuamua na kulifanya. Nadhani mkosoaji huyo amesikia "okoka" nyingi za namna hiyo, ndiyo maana sikio lake limeshtuka. (Neno "mlokole" nalo lina asili ya kupendeza: limetoka Kiganda, *omulokole*, yaani aliyeokoka, likasambaa na uamsho wa miaka ya 1930 uliotokea Rwanda na Uganda.)

Ningekuwa wewe, ningemwacha mtoa ushuhuda aseme "nimeokoka". Ndiyo lugha ya ushuhuda, na kiambishi -me- kinabeba vizuri hali mpya aliyomo sasa. Siku ya kufundisha somo la neema, tumia "tumeokolewa", kwa sababu siku hiyo unataka Mwokozi atajwe.

Kisha wapeleke wote wawili kwenye Matendo 2. Katika mstari wa 38 Petro anawaambia watu watubu na kubatizwa. Mistari miwili mbele, Union inamnukuu akisema, "Jiokoeni na kizazi hiki chenye ukaidi." Jiokoeni! Kigiriki hapo pia kiko katika kauli ya kutendwa, kama kusema "mwokolewe". Huyo aliyemkatiza mwenzake akitaka neno la kuhoji kwa ajili ya neema, aanze na hilo.