Maswali yenu wiki hii: aibu na mwaka wa kwanza chuo

Meseji nyingi safari hii zimetoka kwa mlioingia chuo juzi juzi, shikamoo zote nimezipokea, marahaba. Walioniuliza sapu (mtihani wa marudio) na kukeri (kubeba somo ulilofeli mpaka mwaka unaofuata) siwajibu kwa kirefu, nimeshaeleza mara nyingi na kila chuo kina kitabu cha mwongozo, kifungueni jamani, mwaka wenu mzima umeandikwa mle.

*Dada, niko UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka wa kwanza. Tangu nifike sijaongea darasani hata siku moja, nikifikiria kunyoosha mkono tu moyo unaenda mbio. Nitafeli?*

Lekcha ya watu mia tatu kwenye ukumbi hakuna anayekusubiri wewe uongee, kaa zako andika. Wasiwasi wangu uko kwenye semina. Kule mnagawanywa makundi madogo, mnapewa mada, mnasimama mbele na kuna maksi zake, na ukijumlisha hizo na testi na asaimenti ndo koswek yako, mara nyingi 40, halafu UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inabeba 60. Sasa mtu anaona haya, anaomba wenzake waprezenti yeye atachapa kazi, siku ya semina anasema anaumwa, akija kushtuka koswek ina 17 kati ya 40 na UE iko wiki ijayo.

Na tuseme ukweli, wengi mnaoniandikia kwamba mna aibu, tatizo ni Kiingereza. Mbona kantini mnaongea vizuri tu? Form six mmeandika esei za Kiingereza miaka miwili lakini kukiongea mbele ya watu hamkuwahi, halafu unakutana na aliyesoma intanashno tangu chekechea anamwaga maneno, unajiona mjinga. Si kwamba unajua kidogo kuliko yeye, hujazoea tu. Omba sehemu ya utangulizi, uongee wa kwanza, maana ukisubiri wa nne unatetemeka kwa zamu za wenzako wote, na sentensi mbili za mwanzo zikariri kabisa, ya tatu itakuja yenyewe. Mimi semina yangu ya kwanza nilishika karatasi moja nyembamba, ikawa inatikisika mpaka waliokaa mbele wanaangalia karatasi. Ya pili nikakata jalada la kauntabuku, lile gumu, nikaandika pointi tano kwa kalamu nene. Mkono ulitetemeka vile vile lakini jalada halikuonyesha, na mimi nikapata nguvu ya kumaliza.

*Nifanyeje niwe mchangamfu kama wenzangu?*

Swali hili linakuja kila mwaka. Huhitaji kuwa mchangamfu, unahitaji mtu mmoja atakayekupigia simu akiona hujatokea kwenye testi. Anza na aliyekaa pembeni yako, muulize jina.

*Bumu, hela ya Bodi ya Mikopo, limeingia, wenzangu wamesaini, mimi jina langu silioni. Naona aibu kwenda ofisini, foleni ni ndefu na wale watu ni wakali. Nakula mara moja kwa siku.*

Mdogo wangu nimesoma meseji yako nimeumia. Kesho asubuhi nenda, na leo mwambie rumeti wako hujala, usilale hivyo. Hela ya chakula na malazi inahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, ukikaa kimya wiki mbili umekaa na njaa juu ya 140,000 yako. Hapo chuoni kuna afisa mikopo, nenda na namba ya usajili, namba yako ya mtihani wa form four na kadi ya benki, mara nyingine ni tarakimu moja ya akaunti imekosewa au jina halifanani. Kama ikionekana jina lipo na ni kusaini tu, saini hapo hapo, kwa sababu hela isiyosainiwa inarudishwa Bodi na kuifuatilia tena ni safari nyingine. Usiende kama anayeomba msaada, huo ni mkopo, ukija kuajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe. Kama mdomo unakuwa mzito, andika shida yako kwenye karatasi mistari mitatu uwape dirishani wasome. Nilishafanya hivyo, hakuna aliyenishangaa.

*Nikipiga bia mbili naongea vizuri na watu, kuna ubaya?*

Upo. Saa nne asubuhi kwenye semina bia hizo hutakuwa nazo, na nimeona vijana wazuri walioanza na mbili. Acha sasa hivi.

*Dada usinitaje chuo. Mhadhiri amenitumia meseji nipite ofisini kwake saa moja usiku tuongelee maksi zangu za testi, niende peke yangu. Mimi ni mpole, siwezi kumkatalia mtu mzima.*

Usiende. Mwanafunzi kuitwa ofisini ni kawaida, wahadhiri wengi ni watu wema na mnapaswa kwenda kuwauliza, ila mchana, mlango wazi. Saa moja usiku peke yako hakuna maksi inayohitaji hivyo. Tulilelewa tusimjibu mkubwa, najua, na mwenye nia mbaya anatafuta huyo huyo aliyelelewa hivyo, aliye kimya, ambaye hana wa kumwambia. Mjibu kwa maandishi, kwa heshima kabisa: "Shikamoo mwalimu, nitapita kesho saa nne asubuhi na mwenzangu." Basi, usieleze zaidi. Meseji zake usifute hata moja, zipige picha umtumie mtu unayemwamini.

Akianza kutaja mwili wako na maksi kwenye sentensi moja, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, unapiga 113, bure. Uliza pia kama chuoni kwenu kuna dawati la jinsia, na kama unaona haya kuingia peke yako ingia na dada wa mwaka wa tatu, hao wanajua mlango upi wa kugonga. Hujamkosea mtu adabu.

Nijibu leo kabla ya saa kumi na mbili jioni, uniambie kesho unaenda na nani.